Mbwa wa Kuokota Anaogopa Dumu la Maji!

Wiki hii naomba tuyaweke kando yale ya mapenzi na mavazi. Nina kisa cha mbwa. Usicheke bwana, subiri kwanza ufike mwisho!

Mbwa akimwogopa chui, hapo hamna neno. Akiogopa fataki za mwaka mpya, tunamwelewa. Lakini umewahi kumwona mbwa mzima, mwenye meno yote, anatoka nduki kwa kuona dumu la maji? Lile la njano la lita 20, tupu, limelala chini ya mwembe halimsemeshi mtu. Huyo ndiye mbwa wangu. Na kwa hofu yake hiyo nusura auawe kwa marungu, mchana kweupe.

Tuanze mwanzo. Mwezi wa tano mwaka jana nilikuwa stendi ya Masasi, nasubiri gari la kupanda Newala. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa hakijanipa kazi ya kuvaa tai, kwa hiyo nilikuwa nimekaa Masasi miezi kadhaa nikiuza soksi na vitambaa vya mkononi kwa kutembeza. Sasa nilikuwa narudi kwa bibi yangu, maana macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti.

Chini ya benchi nililokalia kulikuwa na mbwa. Rangi ya udongo, mbavu unazihesabu moja moja, na mgongoni ana baka lisilo na manyoya, kubwa kama sahani. Nikamkatia kipande cha chapati. Akakila huku ananitazama kama mtu aliyepewa pesa na polisi. Nilipoinuka, naye akainuka.

Konda akaja juu: "Mbwa hapandi gari langu hata akilipa nauli!" Bahati nzuri akatokea jamaa wa kirikuu aliyekuwa anarudisha matenga ya kuku, nikampa pesa ya soda mbili, mbwa akaingizwa kwenye tenga. Njia nzima alitetemeka. Tulipopanda juu kwenye uwanda na baridi ya Newala ikaanza kutupiga, tukawa tunatetemeka wote wawili.

Bibi alinipokea mlangoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu. Nilikutuma sabuni, umeniletea mbwa?"

Alinuna siku mbili. Ya tatu akampa jina: Yanamwisho. Si unajua, majina ya mbwa uswahilini ni barua kwa majirani. Barua ile ilikuwa inakwenda nyumba gani, bibi hajasema mpaka leo.

KASHESHE LA ASUBUHI

Sasa wewe wa mjini unayefungua bomba na kuimba bafuni, hujui dumu ni nini Newala. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde hakuna mto. Mvua ikinyesha, maji yanazama mchangani na kukimbilia mabondeni. Wazee wetu waliishi hivyo vizazi na vizazi, mtu anashuka bondeni usiku na kupanda na mtungi kichwani kulipopambazuka. Wengine walichimba visima vya kutunzia maji ya mvua. Baadaye ukaja mradi wa maji wa Makonde unaosukuma maji kutoka chini kuleta huku juu. Siku hizi mabomba yapo, ila yakikauka kila nyumba inatoa madumu yake. Madumu kwenye baiskeli, madumu kwenye pikipiki, madumu vichwani!

Ndiyo mji niliomleta mbwa anayeogopa dumu. Sawasawa na kumpeleka Feri mtu anayeogopa samaki.

Asubuhi ya kwanza mleta maji akaingia uani na baiskeli yake, madumu manne yanagongana, kong'oko kong'oko. Yanamwisho akapiga yowe ambalo sijapata kulisikia kwa mbwa, akaruka ua wa mabua, akapotelea kwenye mikorosho. Alirudi usiku. Kesho yake hivyo hivyo. Mwavuli ukifunguliwa, anajikojolea. Na mwezi wa sita watu walipoanza kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ile mashine ya mgongoni ikinguruma tu, anachimba shimo na kuzika pua.

Nikadhani nimeokota mbwa mwendawazimu.

MJOMBA ATOA DAWA

Kwetu sisi Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba akisema, amesema. Mjomba alikuja Jumapili, akatazama, akacheka. "Huyu azoezwe tu. Mfungeni kwenye mwembe, mzungushieni madumu. Ataogopa mpaka achoke."

Tukafanya hivyo. Nasema "tukafanya" kwa sababu kamba nilishika mimi mwenyewe.

Mpenzi msomaji, kwa robo saa yule mbwa alihangaika kama anayezama. Alilia, akajisaidia pale pale, akajikaba na kamba, mwisho akasimama kimya na ulimi nje, macho yamekodoka. Mjomba akasema, "Umeona? Ameshazoea." Nikaenda kumfungua. Nilipomgusa shingoni akanidaka mkono. Damu!

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Uani walikuwepo majirani, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Anaogopa maji. Ameuma mtu. Hicho ni kichaa cha mbwa!"

Kufumba na kufumbua vijana sita wamefika na marungu. Na mimi, nisikufiche, moyo ulinidunda. Mbwa yule sikuwa nimempeleka chanjo. Kila wiki nilikuwa nasema nitampeleka, kila wiki nikazuga. Mjomba akatamka kwamba jua halitazama mbwa akiwa hai.

Aliyenisaidia ni bibi. Alinivuta mpaka kwenye karo, akanimwagia maji mkononi na sabuni, akanisugua robo saa nzima. Maji ya kununua, dumu zima lilikwisha! Kisha akawaambia wale vijana, "Mwiteni bwana mifugo kwanza. Mkimuua leo, huyu mume wangu mtajuaje kama ameumwa na mbwa mgonjwa au mbwa mwenye hofu?"

SIKU KUMI ZA KUHESABU KOROSHO

Hospitali walinichoma sindano siku ile ile na kuniandikia kadi ya kurudia. Usifanye masihara hapa, ndugu yangu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni kama hakuna. Katika kila watu 100 wanaokipata duniani, 99 wanakipata kwa mbwa. Ukiumwa, osha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu mbio hospitali. Usingoje kuona "itakuwaje".

Bwana mifugo alimtazama Yanamwisho kwa mbali muda mrefu. Kisha akatupa somo ambalo nadhani hata wewe hulijui. Kuogopa maji, alisema, ni dalili ya binadamu aliyeugua kichaa, kwa sababu koo lake linakaza kila akijaribu kumeza. Kwa mbwa si hivyo. Mbwa mwenye kichaa anaweza hata kuvuka dimbwi. Dalili zake ni nyingine: anabadilika tabia ghafla, mate yanamchuruzika, taya linalegea, sauti inabadilika, anauma hovyo hata mawe na vijiti, mwisho anapooza.

"Huyu wenu anakunywa maji?" akauliza.

Tukatazamana. Anakunywa, tena sana! Kwenye kigae cha chungu. Hayaogopi maji. Analiogopa dumu.

Amri ikawa hivi: afungiwe peke yake siku kumi, apewe chakula na maji bila kuguswa. Mbwa aliyekuwa na kichaa siku aliyouma, hazipiti siku kumi kabla hajaugua na kufa. Akizimaliza akiwa mzima, hakuwa nacho. Mjomba akakubali, lakini kwa sharti: siku ya kumi na moja mbwa aondoke Newala.

Tukamfungia kwenye banda la mbuzi lililokuwa wazi. Kila asubuhi bibi alikwenda kumsikiliza, maana kuona hawezi vizuri, akisikia anahema anatia korosho moja kwenye kikombe. Korosho ya tano Yanamwisho alikataa kula. Usiku ule sikulala. Niliutazama mkono wangu kwa tochi ya simu, nikahisi vidole vinanichonyota, nikameza mate mara mia kuhakikisha koo linafanya kazi. Asubuhi nikamkuta amekula na sahani ameipindua. Korosho ya kumi ilipoingia kikombeni, bibi alizitwanga zote na kuzitia kwenye kisamvu.

Hapa kwetu kusini kichaa cha mbwa tunakijua. Kuanzia 2010 ilipita kampeni kubwa ya kuchanja mbwa katika mikoa yetu, Lindi na Mtwara zikiwemo. Wataalamu wanasema mkichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ndiyo maana siku ile ile ya kumi na moja nilimpeleka Yanamwisho kwenye chanjo. Siku ya kwanza kabisa ndiyo niliyotakiwa kumpeleka.

BAKA LA MGONGONI

Kwa mjomba nikaomba miezi miwili. Akaguna, akanipa.

Kitu cha kwanza, nikampigia simu mwendesha bodaboda mmoja wa pale stendi Masasi, mshikaji wangu. Nikamuuliza kuhusu yule mbwa. Akasema, "Yule wa mgongo ulioungua? Kuna mtu pale kwenye vibanda vya chakula alikuwa anamwagia maji ya moto ya vyombo kila akisogea. Alikuwa anayachota kwa dumu lililokatwa."

Basi nikanyamaza kidogo. Wahenga walishasema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tulimzungushia nyoka watatu, tukamfunga kamba, tukasema azoee.

Nikaanza kusoma kwenye simu. Kumbe hata mbwa wa yule Mrusi maarufu, Pavlov, waliwahi kupatwa na hili. Mwaka 1924 mafuriko yaliingia Leningrad, maji yakajaa kwenye mabanda, mbwa wanaogelea pua zikigusa dari, wafanyakazi wakawavuta nje wakipitia chini ya maji. Baadaye mbwa mmoja alipochuruziwa maji kidogo tu chini ya mlango, alipagawa kabisa. Maji machache ya kulowesha ufagio! Lakini kichwani mwake yalikuwa mafuriko.

Na mwaka huo huo wa 1924, huko New York, mama mmoja mtaalamu, Mary Cover Jones, alichapisha jinsi alivyomtibu mtoto wa karibu miaka mitatu aliyekuwa anamwogopa sungura. Hakumpakata sungura kwa nguvu. Mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda, sungura aliletwa kwenye kizimba, mbali. Siku nyingine karibu zaidi. Mwishowe mtoto alikuwa anamshika kwa mkono.

Nikasema, kama imewezekana kwa sungura, dumu ni nini?

DAGAA NA HATUA

Nilichokifanya ndicho hiki, na kama una mbwa wa kuokota mwenye hofu za ajabu, kikate ukiweke.

Nililaza dumu tupu chini ya mwembe, nikasimama na Yanamwisho mbali, hatua 30. Alilitazama, masikio yakalala, lakini dagaa alikula. Hapo ndipo pa kuanzia: umbali ambao analiona jambo lake na bado anaweza kula. Akikataa kula, umesogea mno, rudi nyuma bila ugomvi. Na utaratibu ni dumu kwanza, dagaa baadaye. Ukianza na dagaa halafu ukamtolea dumu, atajifunza kuogopa na dagaa pia.

Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, basi. Hatua 28. Hatua 25. Wiki nzima tukakwama kwenye 20. Majirani walinipitia na vicheko: "Kidato cha nne anamfundisha mbwa hesabu!"

Tulipofika hatua kumi, mtoto wa jirani akalipiga dumu teke. Kong'oko! Tukarudi 30 siku hiyo hiyo. Sikufichi, nilikasirika, nikainua mkono. Yanamwisho akajilaza chini, akafumba macho, akangoja.

Mpenzi msomaji, ule mngojo naujua. Shule niliyosoma kulikuwa na fimbo ya hesabu. Ukikosa moja, moja. Mwalimu wetu alikuja kwa baiskeli, na mpaka leo nikisikia kengele ya baiskeli kwa nyuma, viganja vinatoka jasho. Nilichapwa miaka minne ili nijue hesabu, nikajua kuogopa kengele. Nikaushusha mkono. Nikakaa chini mavumbini, tukala dagaa wote wawili, mimi wabichi yeye wabichi.

Toka siku hiyo nikawa sina haraka. Kwa mleta maji nikaomba apige mluzi kabla ya kuingia, ili nimtoe mbwa nyuma ya nyumba. Mashine ya salfa sikujaribu kuishindia. Kelele ile ni ya mji mzima, siwezi kuipunguza. Nikamtengenezea maficho kwenye lile banda: giza, gunia la kulalia, mlango wazi muda wote. Wapulizaji wakianza anakwenda mwenyewe, nami naketi mlangoni. Watu wanasema ukimliwaza mbwa mwenye hofu unamdekeza. Si kweli. Hofu haizidi kwa kukaliwa jirani. Inazidi kwa kuzuiwa kukimbia.

Aliyenishangaza ni mzee wa nyumba ya pili, mtu wa msikitini, ambaye mbwa akilamba ndoo yake lazima aioshe mara saba, moja kwa udongo. Na maji ndiyo hayo ya kununua! Nilidhani angekuwa wa kwanza kutaka mbwa aondoke. Jioni moja akasimama uani kwake akatutazama, akasema, "Kijana, mfunge asifike kwenye vyombo vyangu. Lakini endelea. Sisi tumefundishwa habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu." Kesho yake akanitumia mtoto na ungo wa vichwa vya samaki.

NA MJOMBA JE?

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha nilikata dumu katikati, nikaanza kumwekea ugali wake wa muhogo jirani nalo. Kisha ukingoni. Kisha ndani. Siku alipotia kichwa, mkia ulikuwa katikati ya miguu na miguu ya nyuma imejiandaa kwa safari, lakini alikula. Baada ya siku tisa nikatia maji.

Mjomba alikuja Jumapili ya mwisho wa ahadi. Alikuta Yanamwisho anakunywa maji kwenye dumu la njano, taratibu, sikio moja limesimama. Mjomba hakusema kitu. Akauliza kama kuna ming'oko, akaletewa, akala. Wakati wa kuondoka alisimama hatua kama tano kutoka kwa mbwa, akachutama, akatupa kipande. Hakikufika. Mbwa akakifuata.

"Muda wake umekwisha," nikamkumbusha.

"Nani amesema?" akajibu, akapanda pikipiki yake.

Usidhani tumemaliza. Baiskeli ya maji ikija bila mluzi bado anakwenda nyuma ya nyumba, ingawa sasa anakwenda kwa miguu, harukii ua. Mwavuli ndiyo kwanza tuko hatua 24, na masika haitusubiri. Na bibi, ambaye hakuwa anataka mbwa, siku hizi akitoka kwenda kwa jirani anaita, Yanamwisho anamtangulia polepole, naye anafuata mlio wa kucha zake njiani.

Kwa hiyo wewe mwenye mbwa anayeogopa fagio, kofia, au sauti ya mlango wa bati, usimcheke na usimfunge kamba mbele yake. Mchanje kwanza. Kisha tafuta dagaa, hesabu hatua, na uwe tayari kurudi 30.

Mimi nimeanza na yangu. Juzi nilimwomba mleta maji apige kengele ya baiskeli, akiwa mbali, mara moja tu. Bibi akanipa korosho.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Wasalaam!